Diski Niliyoifungia Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye masijala ya ofisi moja pale Nachingwea, sikufundishwa kuandika wala kupanga mafaili. Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Masijala, alinipa ufunguo wa kabati la chuma na sharti moja: ikifika saa tisa na nusu alasiri, karatasi yoyote isibaki mezani. Alikuwa na sababu zake. Mchwa wa kwetu hawachagui, wanakula barua ya mkubwa na ya mdogo. Mimi nilikuwa mtu wa kupenda utaratibu kupita kiasi, na sharti lile lilinikaa mwilini. Mke wangu atawaambia kwamba mpaka leo siwezi kutoka nyumbani bila kufunga kabati la vyombo.

Miaka mingi baadaye nilihamia hospitali moja ya misheni upande wa Ruangwa, nikiwa mtunza kumbukumbu za wagonjwa. Aliyetuongoza alikuwa Sista Msimamizi, mwanamke mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Nilimpenda na nilimwogopa kwa kiasi kilekile. Zamani hizo kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, na daktari aliandika humo. Kompyuta zilipofika tukaanza kuingiza yote kwenye mashine: maradhi, dawa, na hasa dawa ambayo mwili wa mtu unaikataa. Tuliwaambia wagonjwa, tena kwa majivuno, kwamba wasihangaike tena na madaftari.

Fundi wa kompyuta alituletea na diski ya nje, kidude cha kuenea kiganjani kinachochomekwa kwa waya. Alikaa nasi siku moja tu. Akanieleza kwamba kila siku saa kumi jioni, watu wakishaondoka, kompyuta itanakili kumbukumbu zote kwenye diski hiyo. Hiyo ndiyo nakala rudufu. Sisi tuliiita bakapu. Asubuhi nikikuta tiki ya kijani kwenye kioo, nijue imekamilika na niandike hivyo kwenye rejesta. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kila siku ya kazi: bakapu imekamilika. Sista alisoma, akatia saini, akatabasamu. Nami kila siku, saa tisa na nusu kamili, nilichomoa diski niliyoichomeka asubuhi, nikaifuta vumbi, nikaivingirisha kwenye kitambaa alichonidarizia mke wangu, nikaifungia kwenye kabati la chuma.

Ninyi vijana mmeshaona kosa. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima, na radi juu yake.

Radi ilipiga mchana mmoja wa masika na kompyuta kubwa ikafa palepale. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikwenda kabatini kifua mbele, nikatoa diski yangu, tukaichomeka kwenye mashine nyingine. Ilikuwa na nakala moja tu, ya siku ile fundi alipokuwa nasi. Siku zote zilizofuata, saa kumi, kompyuta iliitafuta diski isiione, basi ikajinakili ndani ya tumbo lake yenyewe na kujipa tiki ya kijani. Kitambaa cha kudarizi kilikuwa kinalinda nakala ya siku moja.

Siku ya pili yake akaletwa Bi Somoe kutoka Nambilanje, mguu umevimba kwa jeraha la jembe, homa kali. Alimwambia daktari kwamba kuna dawa moja iliwahi kumbana kifua nusura afe, hapahapa hospitalini, lakini jina halikumbuki.

"Mliandika kwenye kompyuta," alisema, akinitazama mimi. "Mkaniambia nisijali."

Daktari Mfawidhi akaniita pembeni. Stoo alikuwa na dawa mbili za kumfaa. Moja ingemponya na nyingine huenda ikamuua, na hakujua ipi ni ipi. Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi kwa Bi Somoe, nikamuuliza daftari lake la zamani liko wapi. Akasema aliacha kulitunza tangu siku ile tulipomwambia halina kazi. Labda mumewe analo, anasokotea tumbaku.

Nilipanda bodaboda kwenda Nambilanje kwenye matope, tukaanguka mara mbili. Njia nzima nilikuwa nahesabu kichwani: daftari la kurasa arobaini, mzee anavuta mara ngapi kwa siku? Nilimkuta mumewe, Mzee Chande, barazani, daftari lipo kando yake, limebaki jembamba. Nilishindwa hata kusalimia vizuri. Alinipa mwenyewe, taratibu, kwa mikono miwili.

"Mimi nachana huku nyuma, kweupe," alisema. "Kila nikichana naangalia kwanza. Maandishi ya daktari hayavutwi, mwanangu."

Ukurasa wa tatu, kwa wino mwekundu, jina la dawa lilikuwepo. Nilimpigia daktari palepale, nikalisoma herufi kwa herufi, naye akalirudia. Bi Somoe alichomwa ile nyingine. Baada ya siku tisa alirudi kwake akitembea.

Nilimwandikia Sista barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye droo yake. Nilimsimulia habari za Mzee Chande.

"Yule mzee alikuwa anafungua na kuangalia," alisema. "Wewe na mimi tulikuwa tunatia saini. Usiniletee tena habari ya kukamilika. Niletee mgonjwa."

Ndivyo tulivyofanya tangu hapo. Diski ilibaki imechomekwa mpaka saa kumi ipite, na tukapata ya pili ya kukaa jengo jingine. Kila Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajakwenda msikitini, nilichagua mgonjwa mmoja bila mpango, nikamtoa kwenye diski, nikamrejesha kwenye mashine tupu na kuchapa karatasi yake. Sista alipokea akiuliza, "Leo ni nani?" Akisoma mpaka chini ndipo anatia saini. Mara mbili karatasi ilitoka nusu, tukatafuta hitilafu na kuirekebisha siku hiyohiyo. Barua yangu hakunirudishia kamwe.

Nilimalizia kazi kwenye kituo kimoja cha misheni ileile huku Nachingwea, nyumbani, na Ijumaa zangu nilikuja nazo. Siku ya kustaafu nilimkabidhi Bi Zuhura, aliyeshika nafasi yangu, ufunguo, diski na kitambaa. Kitambaa alikikataa kwa adabu.

Sasa naenda pale kwa ajili ya presha. Ijumaa iliyopita nilichungulia dirishani kwake, nikaona aibu kidogo kumpeleleza, nikauliza hata hivyo.

"Leo ni nani?"

Akanisogezea karatasi. "Leo ni wewe, babu."

Nilivaa miwani. Jina langu, kijiji changu, presha yangu, dawa ya asubuhi na ya jioni, hata ule uzito ninaomficha mke wangu, vyote vilikuwepo. Nilisoma mpaka chini, machozi yakanilengalenga, nikaomba kalamu nitie saini.