Ketamma na Kupe wa Mineli

Ketamma alizaliwa mlimani kabla mlima haujaitwa hifadhi. Mama yake alimfundisha kuchuma neli, yale matunda ya kijani machachu, kwa sharti moja: ya paa mwachie paa, ya dubu mwachie dubu, wewe chukua yanayobaki. Kila mwaka wazee waliwasha moto mdogo wa kutambaa chini ya miti. Moto huo ndio uliomzuia kupe wa miti, mmea unaojipachika kwenye tawi na kulinyonya mpaka likauke.

Serikali ikapiga marufuku moto. Kupe wakatapakaa. Vichaka vya miiba vilivyoletwa na wageni vikafunga njia, hata tembo wakawa wanazunguka.

Ndipo afisa mpya wa Idara ya Misitu akaitisha mkutano. "Mineli, hii miti ya neli, inakufa kwa sababu mnachuma kupita kiasi," alisema. "Kuanzia leo, hakuna kuchuma wala kugusa mti."

Ketamma alitoka nje, akarudi na tawi lililosheheni kupe, akalibwaga juu ya makaratasi ya afisa.

"Haya, baba, nionyeshe mkono wangu uko wapi hapo!"

"Mama, utafiti unasema—"

"Utafiti gani? Umeshakwea mti hata mmoja, wewe? Mmetunyima moto, miti inaliwa na kupe, halafu mwizi niwe mimi?"

Watu wakaangua kicheko. Marufuku ikabaki palepale.

Basi kila alfajiri Ketamma alibeba panga, akakwea, akakata kupe mti baada ya mti, meno ameyauma kwa hasira. Jadeya, askari wa hifadhi na mdogo wa marehemu mumewe, alimkuta juu ya mti.

"Shemeji, shuka! Utanifukuzisha kazi!"

"Nyamaza huko! Unalinda mti usife, au unalinda ufe vizuri?"

Jadeya akajitia anachunguza nyayo za nyati.

Baada ya miaka miwili, miti arobaini aliyoisafisha ilizaa mpaka matawi yakainama. Hapo akakuta kibao cha mbao: *Miti hii imeokolewa na Idara.* Alikisoma mara mbili. Akaking'oa, akapita nacho begani mbele ya ofisi, mchana kweupe.

Jioni Jadeya akaja mbio. "Kibao kiko wapi? Afisa amewaka moto!"

Ketamma alimsogezea ugali wa wimbi. "Kula kwanza, shemeji. Umeiva kwa kuni za Idara."

Jadeya alicheka hadi akapaliwa. Ketamma hakucheka. Kule juu neli zilikuwa zinaoza chini, na kuokota hata moja bado lilikuwa kosa.