Kasha la Fundi Lutengano

Kuna siku hunirudia, mwanangu, kila nikimsikia kijana akisema muziki fulani "hauna utamu". Shule yangu ni ndogo na huenda mengine nimesahau, lakini hili nalikumbuka sawasawa.

Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu pale Kihesa. Amplifaya yetu alituundia Fundi Lutengano, Mnyakyusa wa Mbeya, ndani ya kasha la mbao. Ikaja nyingine ya dukani, inang'aa. Nikazisikiliza zote mbili, nikatangaza: "Ya fundi imefubaa." Ulimi hauna mfupa. Neno likatembea, watu wakaacha kumpelekea redio zao, kibanda chake kikakaribia kufungwa.

Mama Semdenya, mwimbaji mwenzetu aliyewahi kuuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, huko Kalenga, akaniita.

"We mwana, ulizifungulia sauti sawa?"

"Ya dukani niliizidisha kidogo tu, mama."

"Basi ulionja ulanzi wa huyu kikombe kimejaa, wa yule nusu! Kikombe kimoja, kiasi kimoja. Na macho usitumie."

Jumamosi, kwaya nzima imeketi, fundi akazisawazisha sauti kwa mita yake. Mama akazifunika kwa kitenge, akawa anahamisha waya wa spika mwenyewe humo chini. Wimbo ule ule, nami nitaje inayolia ni ipi. Mara ya kwanza nikapatia, ya pili nikakosa, ya tatu nikakosa. Ya mwisho nikasimama kifua mbele: "Hii hapa, ya dukani!"

Kitenge kikainuliwa. Waya uko kwenye kasha la mbao.

Vigelegele! Fundi akacheka mpaka machozi, Kinyakyusa kikamtoka: "Gwe! Kumbe wewe unasikiliza kwa macho!"

Nikayafuta maneno yangu palepale, na Jumapili nikayafuta tena mbele ya usharika. Tukaimba kwa kasha lile mpaka mabati yakaitikia. Jumatatu foleni ya redio kibandani ilifika barabarani.

Nisiwe mwongo: mbovu ni mbovu, na amplifaya ndogo ukiilazimisha sauti kubwa itakoroma. Lakini nzima mbili, sauti sawa, mimi zilinishinda. Labda wewe una masikio makali kuliko yangu, jipime kwanza.

Basi, mwanangu, kabla hujaiangusha kazi ya mikono ya mtu, jaza vikombe sawa, fumba macho, ndipo useme. Ukikosea mbele za watu, sahihisha mbele za watu. Mungu akupe masikio yanayosikia na ulimi unaosubiri. Na siku ya kuumbuliwa ikifika, uumbuliwe kwa vigelegele, kama mimi.