Neno "Tayari" Lilivyomeza Wimbo wa Bibi Mwana Esha

Mvumo unatangulia. Unasikika tangu nje ya mlango, mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ukiingia ndipo unapoona chanzo chake: kompyuta ya mkononi juu ya sufuria iliyofudikizwa, ipate hewa, na mbele yake Hindu Athman, hata kupumua anapumua kwa hesabu.

Ni asubuhi, mtaa wa Shela, Malindi. Hindu anapakia harusi mawinguni.

"Hiyo meza usiiguse," anasema. "Mtandao ukikatika naanza upya."

Hindu hupiga video za harusi za wanawake. Siku ya kupamba, wanawake wamevua mabuibui, mwanamume haingii, wala haoni picha za siku hiyo. Ndiyo maana akina mama humwita yeye, kuanzia Ngomeni hadi Kilifi mjini. Na ndiyo maana ana desturi anayojivunia: akishahamishia filamu kwenye kompyuta, huifuta kadi ya kamera mbele ya mama mwenye harusi.

"Hiyo ndiyo amana yangu," anasema.

Adui yake ni nafasi. Harusi moja hula gigabaiti mia mbili, na kompyuta yake ya mtumba ikishaibeba imeshiba hadi kooni. Hata kuihariri haiwezekani. Basi hupakia kipande kimoja kimoja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kikifika, hukifuta kwenye kompyuta, akapata pa kufanyia kazi.

Ndivyo alivyofanya kwa harusi ya Widad, binti wa Bi Maimuna. Katika kipande kimoja alikuwamo Mwana Esha, bibi yake Widad, ameketi katikati ya wanawake, anagonga pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, na kumwimbia mjukuu wimbo alioutunga mwenyewe. Hakuuimba tena. Alifariki kabla filamu haijakamilika.

Widad akapiga simu kutoka Maskati alikoolewa. "Da Hindu, nataka kumwona bibi."

Hindu akafungua hifadhi. Vipande vingine vyote vilikuwamo. Cha bibi hakikuwamo.

"Nilikitafuta kila mahali," anasema. "Nilitazama kabla ya kukifuta, wallahi. Programu iliandika 'Tayari'."

Tayari! Mswahili akiambiwa chakula tayari, ananawa mikono. Hangoji kuwashwa moto. Kumbe programu ilimaanisha kipande kiko tayari kupakiwa, kinangoja zamu. Kilichofika huandikwa "Kimepakiwa". Aliyelichagua neno hilo alimuuliza nani wa pwani hii?

Hindu alikimbilia kwa fundi Ngowa, Kilifi. Hata katika msiba ule aliikumbuka amana: akakifunika kioo kwa leso.

"Dada, nimtibu mgonjwa kwa kumnusa?" fundi akamuuliza.

Alipofunuliwa pembe moja, alitafuta, akatikisa kichwa. "Ungekuja siku ileile, labda. Umeshafanya kazi nyingine juu yake. Huu ni ukuta uliopakwa chokaa."

Hadi leo Bi Maimuna alikuwa hajaambiwa. Kazi ya asubuhi inapokwisha, Hindu anajitanda buibui na kwenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeniletea uso wa matanga?"

Hindu anamweleza yote. Hajitetei. Bi Maimuna anaduwaa, kikombe cha kahawa kimesimama kati ya sahani na mdomo.

"Sauti ya mama yangu," anasema hatimaye. "Yote?"

"Yote, mama."

Anakitua kikombe. "Siku ulipoifuta ile kadi, nani alikuwa amesimama nawe?"

"Wewe."

"Nikafanya nini?"

"Uliniombea dua."

"Basi tumeifuta wawili," anasema Bi Maimuna, na hapo ndipo machozi yanapomtoka.

Hindu anapiga magoti, anamshika mikono yote miwili.

"Nakuahidi, mama. Kuanzia harusi hii niliyonayo sasa, kadi siifuti. Nitamkabidhi mama mwenye harusi mkononi, aifungie pamoja na dhahabu zake. Na haitafutwa mpaka bintiye aniambie kwa kinywa chake: nimeona, nimesikia, hakuna aliyekosekana."