Nyuki Walionukia Karafuu

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu ushahidi.

Nilikuwa msaidizi katika sehemu ya wadudu ya jumba moja la makumbusho hapa London, mwanamke wa Kipemba niliyefika na mume wangu baada ya mapinduzi, na koti nililovaa lilikuwa la kuazima. Nilipewa trei ya nyuki waliokaushwa, kutoka misitu ya Amerika ya Kusini, niwapanguse vumbi kwa brashi ndogo. Wallahi sikuwahi kuona wadudu kama wale. Wengine walimeta kijani kama zumaridi, wengine buluu, wengine rangi ya shaba iliyosuguliwa. Mmoja alikuwa na vinundu viwili vya njano mgongoni. Nikadhani ni uchafu, nikavibandua.

Mtunzaji Mkuu alikuja kukagua. Alikuwa Mwingereza mrefu, kiko mdomoni hata kikiwa kimezimika. Akainama, akatazama kwa lenzi.

"Bibi Salim, vile vinundu viko wapi?"

"Nimevisafisha, bwana."

"Ile ilikuwa chavua ya ua la okidi. Ua humbandika nyuki mzigo ule mgongoni ili aufikishe kwenye ua jingine. Sasa hatutajua huyu alitembelea ua gani."

Nilijua nimeshafukuzwa. Lakini yule mzee alipiga magoti sakafuni na suti yake, nami nikapiga magoti, tukatafuta. Tulikipata kinundu kimoja chini ya mguu wa meza. Akanionyesha namna ya kukigandisha kwenye kipande cha karatasi ngumu, chini ya nyuki yuleyule, kwenye pini ileile.

"Usiondoe kitu usichokijua," akasema, akaenda zake.

Basi nikajifunza. Pini hupita kifuani, kulia kidogo, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Chini yake hukaa lebo: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Nyuki waliosafirishwa katika karatasi walifika wakavu, ukiwagusa wanavunjika, kwa hiyo tuliwafungia siku nzima katika chupa yenye mchanga wa majimaji mpaka viungo vilainike. Kazi ya subira. Niliipenda mapema kuliko nilivyotarajia.

Zaidi niliwapenda wale nyuki wa okidi. Ulimi wao ni mrefu mno, wengine unaupita mwili. Jike hubeba chavua miguuni na kukusanya utomvu wa miti wa kujengea kiota. Dume hana haja na hayo. Yeye hutafuta harufu. Huenda kwenye ua la okidi, au gome lililooza, akapangusa manukato kwa vibrashi vya miguu ya mbele, kisha akayahifadhi katika mfuko ulio ndani ya mguu wa nyuma, mguu uliovimba kama soksi iliyojazwa. Baadaye huyatumia kwa uchumba. Nyumbani kwetu wanaume hujifukiza udi wakienda harusini, kwa hiyo habari hiyo haikunishangaza hata kidogo.

Mwaka mmoja Mtunzaji Mkuu alikuwa anajiandaa kwa safari ya msituni. Madume huvutwa kwa pamba iliyolowekwa manukato, naye alikuwa na chupa zake tayari: mafuta ya mkalitusi, vanila, na nyingine za maabara. Asubuhi moja nilifungua chupa ya kulainishia nyuki, nikarudi nyuma hatua mbili. Harufu niliijua. Ilikuwa ya majamvi ya baba yangu, karafuu zikianikwa juani Pemba. Nikamnusa kila nyuki. Ilitoka kwa mmoja, dume wa kijani, kwenye miguu ya nyuma.

Nikamwambia Mtunzaji Mkuu mbele ya wenzake. Akamsogeza nyuki puani, akatikisa kichwa. Kiko kilikuwa kimemuulia pua zamani.

Mtaalamu mmoja kijana akacheka. "Bibi Salim amekumbuka kwao tu."

Uso ulinichoma. Lakini Jumamosi nilipanda treni hadi Kenton, kwenye duka la Bwana Pradip, Mhindi aliyezaliwa Mombasa.

"Dada, mafuta ya karafuu? Jino linauma?" akaniuliza.

"Siyo jino, Bwana Pradip. Nyuki."

Akanitazama, kisha akanifungia chupa mbili bila kuuliza tena.

Jumatatu niliziweka mezani kwa Mtunzaji Mkuu. Akizirudisha, nilijiambia, sitafungua mdomo tena katika jumba lile. Akazitia mkobani.

Nilisubiri wiki nyingi. Alirudi amekonda, uso umeungua jua, akaja moja kwa moja mezani kwangu na sanduku. Ndani walipangwa madume, safu kwa safu, wakimeta. Lebo zilisema: *Kivutio, mafuta ya karafuu. Pendekezo la Bi. Z. Salim.*

"Walifika kabla sijafunga kamba ya pamba ya pili," akasema. Kisha akamwita yule kijana. "Njoo umshukuru."

Akaja, akanishukuru, masikio mekundu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na akawa mtu mwema.

Mtunzaji Mkuu alistaafu, wakaja wakuu wengine, nami nikabaki mpaka macho yalipokataa pini. Vijana mnaniuliza kama sikujuta kutumia umri wangu na wadudu waliokufa. Sikujuta. Nimekaa karibu na uzuri kila siku ya kazi, na nililipwa mshahara kwa hilo.

Nilipostaafu, binti yangu aliye nesi Stratford alinipeleka Panama. Kiongozi wetu msituni alifunga pamba kwenye mti, tukangoja. Dume mmoja wa kijani akaja, akasimama hewani mbele ya uso wangu, akivuma kwa sauti nene, kubwa kuliko mwili wake. Kwenye droo nyuki hana sauti. Maisha yangu yote nilikuwa siijui.

Nikaketi chini kwenye majani. Binti yangu akaniinamia kwa hofu, akauliza, "Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu," nikamwambia. "Nyamaza kidogo nimsikilize."