Futa Kelele Zote

Harufu ya siki, hata ile ya kachumbari tu, hunikunja uso mpaka leo. Hunirudisha kwa Ami Murtaza, mzee aliyetengeneza filamu enzi za ujana wake. Uzeeni aliishi chini yetu, Mji wa Kale, pamoja na mikebe ya filamu zilizokuwa zikioza na kunuka siki nyumba nzima. Sisi watoto tulimchukia, naye hakutupenda hata kidogo.

Nilikuwa darasa la saba. Baba, karani bandarini Kilindini, alikuwa akigombana na Mama mpaka majirani wakafunga madirisha. Basi nikaandika mchezo wa sinema: mume na mke wanatukanana weee, mwisho wanapatana. Nilitaka wausome, waone haya, waache. Lakini kwanza nilitaka mjuzi auone.

Ami Murtaza aliusoma pale pale mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

"Nani kakwambia watu wanaochukiana husema hivi?"

"Nyumbani kwetu husema, Ami."

"Najua. Nawasikia." Akanitupia karatasi kifuani. "Futa kelele zote. Mfanye huyo mke awe na adabu. Ampakulie mumewe, amwambie karibu. Hapo ndipo nitaogopa."

"Mzee mbaya wewe!" nikamwambia, nikapanda ngazi nalia. Sikufuta hata neno.

Baada ya muda nyumba ikatulia. Nilifurahi, nikajua dua zangu zimekubaliwa. Mchana mmoja Mama alimpakulia Baba wali na samaki wa kupaka.

"Karibu," alisema.

"Ahsante," Baba akajibu.

Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Vidole vya Baba vilipogusa vyake kwenye sahani, Mama aliuondoa mkono upesi, kama aliyeshika kaa la moto. Nikalirudisha tonge langu sahanini.

Mwezi haukuisha, Mama akafunga nguo zake na zangu, tukahamia kwa bibi, Tononoka. Baba alitubebea mizigo mpaka kwenye teksi. Hakuna aliyepaza sauti.

Kwa miaka nilimchukia Ami Murtaza kana kwamba ndiye aliyewaandikia maneno yale. Sasa nina mume, na tunagombana. Nimekuja kufahamu kwamba katika matusi yale yote Mama alikuwa bado anamwita Baba, na Baba alikuwa bado anaitika. Nami, kila nilipoinua mikono, nilikuwa nikimwomba Mungu awanyamazishe.