Siku Niliyoushika Mlango wa Choo

"Ulikuwa unatafuta nini ku mulango wa choo changu?" Mama Zawadi aliniuliza hivyo mbele ya wanawake watano waliokuwa wakisukwa nywele uani kwake, na mimi, mwenye lisansi, digrii ya chuo kikuu cha Lubumbashi, mtu ninayebishana hata na mhubiri, nikazidi tu kuukumbatia huo mlango. Mpaka leo nikipita pale nyuma ya stesheni ninageuza uso.

Lakini nilikuwa na ushahidi, mjue. Papa ni karani wa reli, na kila siku saa nne alitoka biro, ofisini kwake, akaingia kwa huyo Mama Zawadi, mjane, akakaa karibu saa nzima. Jioni alirudi shati limelowa jasho, amechoka hata kijiko kinamlemea, chakula cha Mama anakigusa tu, basi, analala. (Na mapapai! Kila siku papai kutoka kwa Mama Zawadi, Papa ambaye zamani hakulitaka hata kuliona.) Mama alikuwa ameshakunja vitenge vyake kwenye mfuko wa safari, anakwenda kwa kaka yake kule Kabimba. Majirani walisema Papa amelogwa. Mimi siamini uchawi, kwa hiyo nikachagua jibu la wasomi: mwanamke. Nikaamua kumfuata, siku moja tu.

Kufika, mkoba wa Papa uko kwenye kiti, mwenyewe haonekani, na badala ya kusalimia kama mtoto aliyelelewa nikaanza kuuliza kwa sauti amefichwa wapi, mwanamke mmoja akanyoosha kidole nyuma ya nyumba huku akijizuia kucheka, nikaenda mbio, nikavuta mlango wa bati, na mlango mzima ukang'oka na bawaba zake ukabaki mikononi mwangu. Ndani alikuwa Papa, peke yake, ameketi, ameshika bomba la chuma lililofungwa ukutani.

"Rudisha mulango, mama," alisema polepole.

Niliurudisha. Ila bila bawaba hausimami, ikabidi niushike, juani, na Papa hakuwa mtu wa kumaliza haraka.

"Ushike muzuri, mama polisi," mmoja wa wale wanawake, waliokuwa wamenifuata, akaniambia, "upepo usikunyang'anye."

Hapo ndipo Papa aliponieleza, kupitia bati. Tumbo lilimfunga hata wiki nzima, ndiyo maana ya mapapai. Akiinuka ghafla macho yanaingia giza. Aliwahi kuanguka kwenye choo cha kuchuchumaa cha kazini, hapa angalau kuna kiti na bomba la kushikia. Jasho linamtoka amekaa tu. Anachoka kabla hajafanya lolote. Daktari amesema ni Parkinson, ndiyo kwanza inaanza.

"Sasa Papa, kwa nini hukutuambia?"

"Mama yako angelia. Na mimi nilikuwa sijamaliza kulia."

Jioni alimwambia Mama mwenyewe. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akalia, kisha akavirudisha vitenge sandukuni.

"Ugonjwa tutaubeba," alisema. "Mwanamuke wa pili, huyo njo singemubeba."

Sijawahi kufurahia habari mbaya namna ile. Siku hizi Papa ana dawa, na kabla ya kusimama anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anangoja. Bawaba nilinunua mimi. Nilikuwa nimeuliza majirani, wenzake wa kazini, hata mlinzi wa stesheni, kila mtu isipokuwa yeye. Sasa namuuliza mwenyewe kwanza, na mlango wowote nabisha hodi.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojua kwamba lile bomba lilifungwa kwa ajili ya marehemu mume wa Mama Zawadi, aliyekuwa na ugonjwa huohuo, na kwamba ni Mama Zawadi aliyemwita Papa njiani siku ya kwanza na kumtuma kwa daktari, kwa kuwa alimwona akipita na mkono mmoja haupungi anapotembea, kama wa mumewe.