Siku Kumi Alizodaiwa Mke Wangu

Walisema sitaweza. Nilipokwenda kusoma ng'ambo walisema nitarudi na sanduku tupu. Niliporudi Ifakara miaka ya tisini na stashahada ya ufundi mitambo, wakasema itaishia kuning'inia ukutani. Nikafunga mashine ya kukoboa mpunga, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikaezeka bati. Nayaandika haya ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipoamua kwamba tumbo la mke wangu nalo linahitaji kutengenezwa.

Alikuwa amezaa mara nne, mara ya mwisho mapacha. Ngozi ya tumbo ilibaki imelegea, ikaning'inia juu ya pindo la kanga, na wakati wa joto chini yake palichubuka. Alipaka poda, akaendelea na kazi. Kwenye sherehe ya komunyo ya mtoto wetu mkubwa, mgeni wangu mmoja, mnunuzi wa mpunga kutoka Sanje, alimtazama mke wangu tumboni akamwambia, "Hongera, shemeji. Huyu sasa ni wa sita?"

"Huyu ni wali wako, shemeji. Nimekuonjea," alijibu mke wangu, na wanawake wote jikoni wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Wageni walipoondoka nilimwambia kuna daktari bingwa amekuja hospitali kwa wiki chache, anakata ngozi iliyozidi na kuishona misuli iliyoachana.

"Linakukera wewe au linanikera mimi?" aliuliza.

"Si umelalamika linachubuka?"

"Nililalamikia joto, baba watoto."

Tulikwenda. Daktari alimpima, kisha akaketi mbele yake. "Mama, umemaliza kuzaa? Ukishika mimba tena, kazi yote hii inaweza kuharibika."

"Amemaliza," nikajibu.

"Utabaki na kovu kutoka nyonga hadi nyonga. Unalijua hilo?"

"Anajua," nikasema, ingawa hata mimi ndiyo kwanza nasikia.

"Kwa wiki sita hutainama wala kunyanyua ndoo. Kazi zako atafanya nani?"

"Kwangu wafanyakazi wapo, daktari."

"Nilikuwa namuuliza mama," alisema daktari.

Mke wangu aliangalia vidole vya miguu yake. "Ni kama alivyosema."

Yale maswali matatu ninayo mpaka leo. Mtu anayefikiria operesheni hii aanze nayo, na ayajibu mwenye tumbo. Mimi niliyajibu yote, na la tatu ndilo nililodanganya zaidi, kwa sababu wafanyakazi wangu walikuwa wa mashine. Kazi za shamba sikuzijua.

Mke wangu alikuwa na shamba la mpunga Michenga, na palizi alifanya kwa zamu na wanawake wengine watano. Leo wote sita shambani kwa huyu, kesho kwa yule, kila shamba siku mbili. Waliposikia anakwenda kupasuliwa, walianza na lake ili alale hospitali bila wasiwasi. Kwa hiyo aliingia chumba cha upasuaji akiwa anadaiwa siku kumi.

Operesheni ilikwenda vizuri. Aliporudi nyumbani alitembea ameinama kidogo, amefungwa mkanda mpana, na mimi nilikuwa najihesabia sifa. Mkubwa wao katika ile zamu, mama mmoja wa Kipogoro niliyemwita shangazi, alipokuja kumjulia hali, nilimwambia nitatuma kibarua wa kulipwa afanye zile siku.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu," alisema, "lakini hela yako kaa nayo. Siku inalipwa kwa siku, na inalipwa na mtu wa nyumba ile. Tutamsubiri mwenzetu."

"Mnamsubiri mpaka magugu yawameze?"

Nilisema hivyo nikicheka. Mke wangu alikuwa chumbani na alisikia.

Wiki ya tatu, nikiwa mashineni, alikaza mkanda juu ya bandeji, akaenda Michenga. Alipalilia tangu asubuhi hadi jua la mchana, ameinama, maji ya jaruba yakimfika magotini. Walijaribu kumrudisha, akawaambia hataki magugu yammeze mtu kwa ajili yake. Jioni kanga ilikuwa imelowa damu. Baada ya siku mbili akawa na homa, mshono ukaachia upande wa kushoto, ukatoa usaha.

Daktari hakunigombeza. Alisema kidonda hakiwezi kushonwa tena kwa sasa, kitasafishwa kila siku mpaka kizibe chenyewe kutoka chini, na inaweza kuchukua miezi. Kwa siku nne za homa sikujua kama nitabaki na mke au na nyumba ya bati.

Homa ilipokatika, nilikwenda kwa shangazi nikamwambia mtu wa nyumba ile ni mimi, na siku aliyopalilia mke wangu isihesabiwe; nitalipa zote kumi.

Siku ya kwanza walinicheka hadi nikachoka. "Diploma, huo unaong'oa ni mpunga," aliniambia mmoja. "Magugu ndiyo hayo unayoyakanyaga." Siku ya tatu sikuweza kunyooka. Nilielewa kazi ile inafanywa kwa misuli ipi, na ndiyo hiyo hiyo niliyotaka mke wangu ashonwe katikati ya msimu wa palizi.

Siku ya kumi niliimalizia kwa shangazi. Alinipa maji ya kunawa, akasema, "Mwambie mwenzetu hatudai kitu." Nilirudi nyumbani kwa baiskeli na matope yangu. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, bado na bandeji.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha zote."

"Mgongo?"

"Unauma."

"Basi kesho usiende mashineni," alisema. "Pumzika."

Nilikaa sakafuni, nikashindwa kumtazama usoni.